Viti Vinavyolala

Ukunda, Jumamosi, 3 Mei 2025

Kwa Wifi Ummi,

Shikamoo. Natumai Mama hajambo na nyote hapo Bodo hamjambo.

Naandika kwa sababu nimeamriwa kuandika. Mume wangu Abdurahman amesema amechoka kusikiliza sauti zetu za WhatsApp akiwa kazini huko Doha, zako asubuhi na zangu jioni, matusi matupu. Na kwa vile wewe umeniblok na mimi nimekublok, tuandikiane barua kama watu wazima. Gari ni moja. Yadi ya Mombasa imemshikia magari matatu mpaka tarehe thelathini na moja mwezi huu: kigari kidogo chekundu, wagoni nyeupe na pikapu. Atalipia lile litakaloandikwa kwenye karatasi moja yenye sahihi yangu na yako. Bila sahihi mbili hanunui kitu. Hayo ni maneno yake, usije ukasema ni yangu.

Mimi nataka kigari. Kinakunywa mafuta kidogo, kinaingia popote hapa Ukunda, na ule mlango wa nyuma ukiuinua unatia unga, mchele na mtungi wa gesi, safari imekwisha. Leseni katika familia hii ninayo mimi peke yangu, kwa hivyo nitaendesha mimi. Ijumaa nitakileta Bodo, mwende mnakotaka. Wagoni ni ya nini? Kwetu bara wagoni ni ya kukimbiza miraa. Na pikapu ni ya watu wa mchanga.

Karatasi nimeifunga ndani, sahihi yangu iko tayari. Tia yako umpe Kibwana, akija na samaki Jumanne nitaichukua kwake.

Ni mimi,
Zainabu Abdurahman

(Na tafadhali niite hivyo. Miaka sita tangu nikahi, bado waniita jina la zamani kwa makusudi.)


Bodo, Jumanne, 6 Mei 2025

Kwa Jacinter,

Waalaikum salaam, ingawa salamu yenyewe hukuitoa. Shikamoo umeandika, nami marahaba. Assalamu alaikum imekushinda hata kwenye karatasi, ambako hakuna anayekusikia matamshi, kisha wataka uitwe Zainabu. Ukianza kuwa Zainabu nitakuita.

Karatasi yako hiyo hapo, nimekurudishia kama ilivyokuja.

Njia ya Bodo waijua wewe? Mara ya mwisho ulikuja Idd, ukashuka kwenye boda hapo matopeni ukasimama unatazama viatu vyako hata nikadhani wavisomea dua. Sasa ni masika. Hicho kigari chako kitafika wapi? Kitakaa kwenye lami kinatungoja sisi tuje na miguu?

Sisi twataka wagoni. Ile nyeupe, ambayo viti vya nyuma vyalala, sakafu ikawa sawa tangu mlango wa nyuma hadi mgongoni mwa dereva. Nimeuliza fundi, asema mtu mzima ajinyoosha bila kukunja goti. Vioo vya nyuma vitatiwa pazia. Kuendesha ataendesha Mwero, jirani yetu, leseni yake haina kutu kama yako. Pikapu sitaki hata kuisikia, usinitajie.

Na usiniulize kwa nini. Abdurahman nimembeba mimi mgongoni, wakati huo wewe ulikuwa hujulikani uko Kakamega ya wapi. Nikisema wagoni, nina sababu. Andika karatasi nyingine.

Mama akusalimu. Yeye ndiye aliyesema niandike hivyo.

Ummi


Ukunda, Ijumaa, 9 Mei 2025

Kwa Wifi Ummi,

Assalamu alaikum. Umefurahi?

Mtu mzima ajinyooshe, vioo vitiwe pazia! Wifi, unataka gari ama unataka gesti? Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaacha kucheka, nikafikiria, nikamwendea Kibwana.

Usimgombeze, nilimbana mimi. Ameniambia kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi unatoka Bodo na tuktuk. Nyuma kuna mzigo umeufunika leso mpaka chini, hutaki mtu ausogelee, na harufu yake hata yeye, mtu wa samaki tangu azaliwe, ilimfanya ageuze uso. Kumbe ndiyo sababu yako. Viti vilale, pazia livutwe, Mwero ashike usukani, na biashara yako iende mbele kwa gari la mume wangu. Biashara si haramu, lakini ungesema. Mimi si mtoto wa kuchezewa.

Sasa nisikie vizuri. Huo mzigo wako unanuka, Wifi. Hauwezi kuingia ndani ya gari ambalo na mimi nitakaa. Harufu ya namna hiyo ikishaingia kwenye viti haitoki, hata upulize nini. Mahali pake ni nyuma ya pikapu, nje, kwenye upepo, ufungwe turubai na kamba. Nimekuwa muungwana: kigari changu nimekiacha, nimekubali pikapu. Nimeshuka. Na wewe shuka.

Karatasi ya pikapu hii hapa na sahihi yangu. Ikirudi bila yako, nitamwambia Abdurahman dada yake ndiye aliyekataa.

Zainabu


Bodo, barazani kwako, Jumanne, 20 Mei 2025

Kwa Wifi Ummi,

Siku kumi na moja hukunijibu. Sasa nimekaa kwenye baraza yako, mlango una kufuli, na karatasi hii nimeiomba kwa jirani. Nitaiacha hapa mlangoni. Nataka uisome yote.

Jana mchana nilikuwa sokoni Ukunda. Mama wa nyanya aliyetoka Msambweni akanishika mkono akaniambia, pole, dada, mama mkwe wako amepita pale njia panda kwenye pikapu, amelazwa, amefunikwa mkeka. Wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama wote. Wengine waliifuata kwa miguu wakisoma, mpaka ilipowaacha.

Niliketi chini pale pale, kwenye maji ya kuoshea nyanya. Nikampigia Abdurahman. Nilimwambia mimi, kwa kinywa changu, kwamba mama yake amefariki. Akaniuliza saa ya maziko. Sikuijua! Mke wake wa ndoa, sijui mama yake anazikwa saa ngapi, na kwako simu haipiti kwa sababu ya huu upumbavu wetu. Msimamizi wake akampa siku tatu za msiba. Watu wa pwani walioko Doha wakakusanyika chumbani kwake wakasoma khitima, wakapika na wali.

Nimefika hapa leo asubuhi na buibui jeusi, mchele na kilo tano za sukari. Jirani akanitazama akasema: Msiba wa nani? Mama yu hai. Amelazwa Msambweni na wewe uko naye.

Nilicheka, nikalia, sasa nina hasira. Mtu aliye hai unamlazaje kwenye pikapu na kumfunika mkeka usoni? Wewe, uliyesema nisikutajie pikapu? Na anaumwa nini? Nimemuuliza jirani, akaniangalia kama niliyemwuliza jambo la aibu, akaingia ndani. Nani atamwambia Abdurahman kwamba mama yake hajafa? Mimi tena?

Sukari nimemwachia jirani. Wewe sina la kukuambia zaidi.

Zainabu


Msambweni, hospitalini, Jumatano, 21 Mei 2025

Kwa Jacinter,

Laana hebu nizimeze kwanza, maana niko kwenye nyumba ya wagonjwa.

Wauliza anaumwa nini. Ebo! Wajifanya hujui? Uliandika wewe, mwandiko ni wako, barua ninayo hapa mkobani: "Huo mzigo wako unanuka. Mahali pake ni nyuma ya pikapu, nje, kwenye upepo, ufungwe turubai na kamba." Mzigo wa Jumatatu na Alhamisi. Mzigo uliofunikwa leso. Jacinter, mzigo huo ni mama yangu.

Ana sukari, hilo walijua. Usilolijua, ama ulilojifanya hulijui, ni kidonda. Kimemtoka tangu Januari, pale pale mtu anapokalia. Hawezi kuketi. Hawezi kupanda boda. Kila Jumatatu na Alhamisi huja kuoshwa, na njia nzima hupiga magoti kwenye sakafu ya tuktuk, kifua amekilaza kitini, mikono ameshika chuma, nami namfunika leso watu wasimwone alivyokaa. Kila shimo huuma leso asilie. Mwanamke aliyesomesha Qurani nusu ya watoto wa Bodo, apita mbele yao amepiga magoti. Ndiyo nikataka viti vinavyolala. Ndiyo nikataka pazia. Alitaka sitara tu, hakutaka fahari.

Aliniapisha nisimwambie mtu. Abdurahman akijua ataacha kazi, alisema. Na mkaza mwanangu asijue kabisa, ataona kinyaa nami. Alikuogopa wewe! Alikuonea haya, wewe!

Na hili ulijue. Mama hutaka nimsomee kila barua iingiayo nyumbani. Yako ilikuja nikaanza kuisoma kwa sauti, nikacheka pale pa gesti, naye akacheka, akasema mkaza mwanangu ana maneno huyu. Kisha nikafika pa mzigo. Nilinyamaza katikati ya sentensi. Akasema, endelea, mbona wanyamaza? Soma. Nikamsomea. Ningefanyaje? Aligeuza uso ukutani, tangu siku ile hakuniuliza habari zako tena.

Jumatatu homa ilimpanda, dereva wa tuktuk akaogopa tope. Mwero akaleta pikapu yake ya madafu. Nikasema kamwe, nitambeba mgongoni kwanza. Mama ndiye aliyesema, niwekeni humo, ndilo gari nililochaguliwa. Tukamtandikia godoro akalala kifudifudi. Jua kali, watu barabarani, akasema nifunike, Ummi, nifunike wasinione. Nikamfunika mkeka.

Pale njia panda wanaume wakasimama. Nikawasikia wakisoma, nikapunga mkono waache, hawakunielewa, walidhani ninalia. Mama akauliza chini ya mkeka: Ummi, wamsomea nani? Nikamwambia, kuna maiti apita. Akasema, Mungu amrehemu.

Umeona sasa pikapu yako? Usikanyage hapa. Nimewaambia walinzi wa wadi mgonjwa hapokei wageni.

Ummi


Ukunda, Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwa Wifi Ummi,

SAMAKI. Nilimaanisha samaki! Nilidhani ni papa mkavu! Kibwana aliniambia mzigo, unanuka, umefunikwa, nami nikajua ni papa unampelekea tajiri Msambweni kisirisiri. Mtu akisema mzigo unanuka Bodo, na aliyesema ni muuza samaki, ungefikiria nini wewe? Nani duniani angefikiria ni mama mtu?

Wewe! Wewe ndiwe uliyefikiria. Umeishi na mimi kwenye familia miaka sita, ukasoma neno moja, ukaamini papo hapo kwamba naweza kumwita Mama mzigo, nimfunge na kamba. Hukujiuliza hata mara moja. Mimi mama yangu alikufa nikiwa darasa la sita, siku ya nikahi Mama alinivalisha kanga yake mwenyewe, akaniambia usiogope watu wa hapa, midomo tu. Midomo tu! Na ukakaa siku kumi na moja na hasira yako wakati mstari mmoja ungetosha: Wifi, Mama hawezi kuketi. Ningetia sahihi ya wagoni siku hiyo hiyo. Ningekuja kumwosha kidonda mimi. Kinyaa? Nimesafisha vyoo vya wageni hotelini miaka minane, kinyaa gani nilichobakisha?

Jana nilikuja. Mlinzi akanirudisha kama ulivyomwagiza. Nilisimama nje ya uzio kwa saa mbili nzima.

Sasa na langu ulijue, tuwe sawa. Sina kazi. Hoteli ilitupunguza mwezi wa tatu, mimi na wengine kumi na wanne. Kila asubuhi navaa sare, natoka, nakaa ufukweni Diani mpaka jioni, majirani wasijue na Abdurahman asiambiwe. Kigari nilikitaka nifanye teksi, nichukue wageni pale uwanja wa ndege mdogo. Ndiyo maana niling'ang'ana. Nilikuwa na sababu na mimi.

Karatasi hii hapa. Nimeandika WAGONI, nimetia sahihi. Tia yako tumwambie Abdurahman leo. Nimeshampigia kwamba mama yake yu hai. Akakata simu.

Ninakuomba kitu kimoja, na unajua mimi sikuombi vitu. Msomee Mama barua hii. Kwa sauti, kama ulivyomsomea ile. Ukifika pa samaki mwambie Zainabu alimaanisha samaki. Yaliyobaki unaweza kuyaruka, hata matusi, lakini hapo usiruke. Asilale na neno lile. Nakuomba.

Zainabu


Bodo, Jumamosi, 31 Mei 2025

Kwa Zainabu,

Assalamu alaikum.

Siku ya maziko ya Mama uliniita kando, pale jikoni mbele ya masufuria, ukaniuliza: Ulimsomea? Alisema nini? Nikakwambia nilimsomea, akatabasamu, akasema nilijua. Ukalia ukanishika mabega, mimi nikasimama kama gogo. Ulidhani ni uchungu wa msiba.

Nimekudanganya. Sikumsomea.

Barua ilinifikia Ijumaa. Niliisoma nje, chini ya ukuta wa wadi. Niliamini, usidhani sikuamini. Pale pa samaki niliamini mara moja, na ndipo hasira zikanizidi, maana sasa makosa yalikuwa nusu yangu. Nikaikunja nikaitia mkobani pamoja na ile ya kwanza. Nikasema, acha Jacinter naye alale na neno lile siku mbili tatu, aone lilivyo, kama mama alivyolala nalo. Nitamsomea Jumapili. Jumapili nikasema Jumatatu. Jumatatu alikuwa na akili zake timamu, alikunywa uji, akaniuliza, hakuna barua? Nikasema hakuna.

Jumanne asubuhi sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Hakuniitikia tena. Nilimsomea saa nne, kwa sauti, wauguzi wananitazama. Nilisoma yote, sikuruka, na pa samaki nikarudia mara tatu. Saa sita akafariki. Kama alisikia ajua Mungu. Mimi naona hakusikia.

Kisha wewe ukaja na wagoni. Sijui uliiazima kwa nani, sikuuliza. Umelaza viti mwenyewe, umetandika godoro na shuka jeupe, umefunga leso kwenye vioo kwa pini. Mama alilala amenyooka kutoka Msambweni hadi Bodo, hakuna goti lililokunjwa. Uliendesha polepole, mashimo yote uliyakwepa, nami nimeketi kando ya kichwa chake. Tulipopita njia panda watu walikuwa wakitoka swala ya alasiri. Hakuna aliyesimama. Hawakujua kuna nani ndani. Mmoja alitupigia kelele tupishe mkokoteni wake.

Abdurahman hakuja, wajua. Msimamizi wake amemwambia siku za msiba wa mama zimeshatumika, na mama hafi mara mbili. Amenipigia mara moja. Hakuniuliza saa ya maziko.

Usidhani hii ni suluhu. Sikukupenda ulipoolewa na sikupendi leo. Kila nikikuona nitakumbuka kwamba lile neno ni lako na ule mkoba ni wangu, na sijui lipi nitalisamehe kwanza. Siku ya arubaini usije na sukari. Ukitaka kuja, njoo mikono mitupu, ukae na wanawake wenzako.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya yadi. Karatasi yako ya wagoni nilikuwa nayo. Neno wagoni nimelikata mstari mmoja, chini yake nimeandika kigari, nimetia sahihi yangu kando ya yako. Kibwana amepanda boda sasa hivi kukuletea, ipige picha umtumie mumeo kabla hawajafunga. Nenda ukabebe wageni wako.

Sisi huku hatuna tena mtu wa kulazwa.

Ummi